Mrejesho: bustani juu ya mawe ya volkano, hapa Goma

Ndugu zangu, niliwauliza nitalima wapi wakati kiwanja changu kimefunikwa na mawe ya volkano ya Nyiragongo tangu mlipuko wa Januari 2002. Mmoja wenu alinielekeza kwa wamama wanaojitolea kufundisha bustani mtaani. Nilienda, na ninawashukuru sana.

Walianza na gunia. Unaweka katikati kopo lisilo na kitako, unalijaza vijiwe, unazungushia udongo wenye mbolea, kisha unavuta kopo juu na kurudia mpaka gunia lisimame. Maji ukiyamwaga juu yanapita kwenye vijiwe hadi chini. Mawe niliyoyalaani miaka yote ndiyo yananigawia maji! Ubavuni unatoboa matundu, unapandikiza miche.

Gunia la kwanza liliniharibikia. Samadi ya mbuzi ilikuwa mbichi, miche ikanyauka yote. Mama mmoja alitia mkono ndani, akauchomoa haraka. "Bado inachemka, mwanangu. Iache ioze kwanza." Sasa naichanganya na maganda ya ndizi na majani makavu, naigeuza, nasubiri mpaka inukie kama udongo baada ya mvua.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, vilikuja pia. Maji yenye sabuni kidogo, chini ya majani, vikapungua.

Leo nina magunia sita. Lenga-lenga (mchicha) nachuma majani tu, shina linachipua tena, na watoto wanakula mboga ya nyumbani. Jirani ameshaomba miche. Jumamosi tunajaza gunia lake.