Helmeti ya skii kwa baiskeli, skateboard na kayak, inafaa?

kijana_kitintale: Wadau habari zenu. Nimepata helmeti ya skii (ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji) pale soko la Owino, ya mitumba ila safi kabisa, masikio ni ya kitambaa, ndani imeandikwa EN 1077 Class B, namba ya kiwango cha usalama cha Ulaya. Mi napanda baiskeli ya mlima, skateboard nacheza hapa Kitintale, na jamaa yangu wa Jinja ananivuta tuanze kayak, yaani kamtumbwi ka kasia, kwenye Nile. Naweza kuvaa hii moja kwa yote? Hela ya kununua tatu sina.

kasia_jinja: Kwenye maji usithubutu kaka. Hayo masikio na sponji za ndani zinanyonya maji zinakuwa nzito, wakati helmeti ya kayak (tafuta EN 1385) inamwaga maji na inatakiwa isitoke kichwani hata ukipinduka mto ukakuburuta juu ya mawe. Pale maporomoko ya Itanda mawe ni mengi mno. Wanaofundisha wanakupa helmeti na laifujaketi, anza na hizo.

mlima_elgon: Kwa baiskeli na skateboard ndugu yangu tafuta iliyoandikwa EN 1078, hiyo moja imepimwa kwa michezo yote miwili, kwahiyo huhitaji tatu. Ya skii imetengenezwa kwa baridi, wanaipima mpaka ikiwa nyuzi 25 chini ya sifuri, matundu machache na masikio yamefunikwa, sasa wewe panda nayo kilima cha Sipi jua la saa saba, jasho linaingia machoni, pikipiki nyuma huisikii vizuri, mwisho utaivua uitundike kwenye usukani, na hapo ndo watu wanaumia. Ila kuna zenye namba zote mbili, 1077 na 1078, soma lebo yote.

nsambya256: Bora hiyo kuliko kichwa wazi lakini

mlima_elgon: Kweli, leo kama huna nyingine vaa. Ila boda hapana, pikipiki inataka ECE 22.

kasia_jinja: Na kwa vile ni mitumba hujui ilianguka wapi. Nyingi zina povu gumu jeupe ambalo likishabonyea kwa kishindo kimoja halirudi, nje unaona plastiki inang'aa tu. Toa sponji, kagua povu lote kwenye mwanga, pitisha kidole. Ukikuta ufa au pamebonyea usiivae kwa mchezo wowote.