Mafundi wangu wamechoka, mshahara siwezi kuongeza. Nifanyeje?

Randa Kavu: Wakuu, salaam. Nina karakana ya samani Keko, mafundi tisa. Oda za vitanda na makabati zimekauka, mbao na vanishi vimepanda. Sijafukuza mtu, ila mishahara natoa vipande vipande: leo elfu hamsini, wiki ijayo thelathini. Juzi fundi wangu mkongwe kapima ubao mmoja mara tatu, bado akaukata mfupi. Nikamfokea mbele ya wenzake. Baadaye naambiwa anakuja kwa miguu toka Mtoni Kijichi kuokoa nauli, na chai hanywi. Nataka niwachinjie mbuzi Jumamosi, tule pamoja, wapate moyo. Mnaonaje?

Mama Kauthar: Mbuzi wa siku moja! Hiyo hela mpe mama ntilie, awapikie uji asubuhi na ugali maharage mchana. Mtu mwenye njaa unamwachiaje msumeno wa umeme?

Bi Hesabu: Tatizo ni hivyo vipande. Mtu akijua tarehe, hata hela ikiwa ndogo anapanga. Asipojua, anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Taja siku moja ya mwezi uishike. Mwenye dharura mkopeshe bila riba, muandikishane, umkate kidogo kidogo. Halafu michango yao ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unapeleka? Ni asilimia 20 ya mshahara, na wao usiwakate zaidi ya 10.

Randa Kavu: Hapo umenishika pabaya. Miezi minne sijapeleka.

Bi Hesabu: Na kwao umekata?

Randa Kavu: Nimekata.

Bi Hesabu: Basi anzia hapo, kabla hata ya uji.

Kijana wa Tandika: Mimi fundi, si bosi. Hela ndogo tunaizoea. Kinachouma ni bosi kuzima simu Jumamosi. Wetu alitukalisha akafungua daftari la oda, tukaona wenyewe. Tukakubaliana siku nne kwa wiki, zilizobaki kila mtu na vibarua vyake. Hakuna aliyeondoka. Na yule mzee muombe radhi mbele ya walewale waliosikia ukimfokea.

Randa Kavu: Nimemuomba radhi leo, mbuzi nimemwacha. Kumbe ana kausha damu, wanapita kuchukua elfu kumi kila jioni.

Bi Hesabu: Kitambulisho chake cha NIDA wanacho wao?

Randa Kavu: Wanacho.

Bi Hesabu: Njoo PM.