Kifaa cha harufu tulivu kwa watoto waliolazwa: ukungu, feni au pamba?

FundiMbunifu: Wakuu, habari za jioni. Nabuni kifaa cha harufu kwa watoto waliolazwa, miaka 4 hadi 10. Nimebaki na njia tatu: mwanasesere wa umbo la mnyama kiboko anayetoa ukungu wa maji yenye harufu, feni ndogo inayopuliza kitambaa chenye tone la mafuta, au mwanasesere mwenye mfuko wa pamba iliyotiwa harufu. Moyo wangu uko kwa kiboko. Mnasemaje?

NesiWaZamu: Kiboko mzuri, ila wodini kwangu haingii. Maji yakilala kwenye tangi yanafuga bakteria kama Pseudomonas, na ukungu unawafikisha hadi mapafuni mwa mtoto ambaye kinga imeshashuka. Halafu vitanda vimebanana. Harufu anayoipenda huyu, jirani mwenye pumu inamkaba.

FundiMbunifu: Hata mkaratusi? Si ndio unafungua kifua?

Mfamasia_Tanga: Huo hasa ndio uuogope. Mkaratusi, mnanaa na kafuri vinaweza kumletea mtoto mdogo shida ya kupumua, na kafuri ikimezwa, hata kidogo, huleta degedege. Tumia lavenda au chungwa, tone moja. Ila mafuta ya chungwa hula plastiki ya polistirini, kwa hiyo panapogusa mafuta pawe kioo au chuma kisichoshika kutu.

Zuwena: Feni mbona haina mtetezi? Haina maji, mtoto anabonyeza mwenyewe, akiachia inazima. Kasoro yake betri. Zile bapa za duara zikinasa kooni zinaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Weka za AA, kifuniko kifungwe kwa skrubu.

MamaWawili: Mwanangu alikuwa kwenye dawa za saratani. Sabuni iliyotumika siku za dripu, mpaka leo akisikia harufu yake anatapika. Mimi nitakuuliza moja tu: akiichukia, anaweza kuiondoa? Mwanasesere unamtoa nje. Ukungu utautoaje?

NesiWaZamu: Hapo umemaliza, mama. Fundi, mwanasesere afulike kwa maji ya moto, kisha aende nyumbani na mtoto wake, asirithiwe kitanda kwa kitanda. Na aliye kwenye oksijeni asisogezewe mafuta kabisa.

FundiMbunifu: Basi kiboko anabaki, ila tumbo ni mfuko wa pamba. Macho nitatarizi, vifungo hapana. Mfuko niuwekee velkro au zipu?

NesiWaZamu: Zipu. Velkro inakusanya nyuzi na uchafu.