Simu inakatika sekunde ya 32, na jibu lenu kila siku ni "sakinisha upya". Inatosha!

Wakuu, leo nina hasira na sitazificha.

Mtu anakuja na shida yake: nimefunga Asterisk (programu ya seva inayoendesha simu za ofisi kupitia mtandao) ofisini, tukipigiana wenyewe kwa wenyewe hakuna tatizo, lakini mteja akipiga kutoka nje yeye anatusikia, sisi hatumsikii. Au simu inapokelewa, mnaongea nusu dakika, inakatika. Kabla hajaulizwa hata anatumia toleo gani, majibu yameshamiminika: sakinisha upya, zima faiawoli (kinga ya seva dhidi ya wavamizi wa mtandaoni), fungua porti zote kuanzia 10000 hadi 20000, weka nat=yes. Mtu wa watu anafanya yote hayo. Shida iko palepale, ila sasa seva yake iko wazi kwa dunia nzima.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu yametukuta. Fundi aliyetufungia mfumo alifuata ushauri wa namna hii hatua kwa hatua. Faiawoli ikazimwa, nywila ya kila ekstensheni (simu ya ndani ya ofisi) ikawa ndiyo namba ya ekstensheni yenyewe, na wikiendi moja wezi wakaingia na kupiga simu za nje ya nchi usiku kucha kwa laini yetu. Bili tumelipa sisi, aliyetoa ushauri hajachangia hata senti. Na sauti ikabaki ya upande mmoja vilevile!

Sasa hizo sekunde 32 si bahati mbaya wala si "mtandao kusumbua". Zimo ndani ya itifaki ya SIP yenyewe, yaani kanuni za kuanzisha na kukata simu za mtandao, kwenye hati yake ya RFC 3261 ya mwaka 2002. Ukiinua simu, seva yako inatuma 200 OK ("simu imepokelewa") na kusubiri ACK ("nimepata ujumbe wako"). Isipofika, inarudia kutuma mpaka itimie muda wa T1 mara 64, na T1, kipimo cha muda cha SIP, kwa kawaida ni nusu sekunde. Piga hesabu mwenyewe. Ikifika hapo seva inakata simu, na ina haki ya kukata. Kwa nini ACK haifiki? Kwa sababu seva iliyo nyuma ya ruta imejitambulisha kwa anwani yake ya ndani, tuseme 192.168.1.10, na mtoa huduma wa laini akijibu anajibu kwenye anwani ambayo kwake haipo. Sauti nayo ni hivyohivyo: ile mistari ya SDP, maelezo ya sauti yanayobebwa ndani ya ujumbe wa SIP, ndiyo inayomwambia mwenzako apeleke sauti wapi, nayo imeandikwa anwani hiyohiyo ya ndani. Ugonjwa ni mmoja, dalili mbili. Hata usakinishe upya mpaka kesho, seva mpya itajitambulisha kwa anwani ileile.

Halafu hili la nat=yes ndilo linanichemsha damu zaidi. Huo ni mpangilio wa chan_sip, moduli ya zamani ya SIP ndani ya Asterisk, wa kwenye faili la sip.conf. PJSIP, moduli iliyochukua nafasi yake, iliingia tangu Asterisk 12, mwaka 2013. Asterisk 21 ilipotoka mwaka 2023, chan_sip ikaondolewa kabisa. Mwenye toleo jipya akiandika nat=yes kwenye sip.conf anaandikia faili ambalo hakuna anayelisoma! Akijaribu "sip show peers" anaambiwa amri haipo, anadhani ameharibu mfumo, na mtu anamjibu tena asakinishe upya. Siku hizi ni "pjsip show endpoints" na "pjsip show contacts". Kama hujagusa Asterisk tangu enzi za chan_sip, sema hivyo kabla ya kumshauri mwenzako.

Kinachotakiwa ni kuweka kwenye transport ya PJSIP (sehemu ya mipangilio inayotaja anwani na porti za seva) external_signaling_address na external_media_address zenye anwani yako ya nje, na local_net yenye mtandao wako wa ndani. Kwenye endpoint (sehemu ya mipangilio ya kila simu au laini) weka direct_media=no, na kwa simu zilizo nje ya ofisi ongeza rtp_symmetric, force_rport na rewrite_contact. Na hapa ndipo wengi wanapoteseka bure: mabadiliko ya transport kwa kawaida hayashiki kwa kufanya reload, yaani kusoma upya mipangilio bila kuzima. Lazima Asterisk iwashwe upya. Tumia "core restart gracefully", isubiri simu zilizo hewani ziishe, usiwakatie watu mazungumzo.

Porti? Simu moja inayotoka nje inahitaji porti mbili za sauti upande huo wa nje, basi. Ofisi yenye simu 20 kwa wakati mmoja inafungua porti elfu kumi za nini? Punguza kwenye rtp.conf, faili la porti za sauti, na porti ya SIP, 5060, ruhusu anwani za mtoa huduma wako tu. Ukurasa wa usimamizi wa FreePBX (programu ya kusimamia Asterisk kwa kivinjari) usiuweke wazi kwenye intaneti hata kwa saa moja. Agosti 2025 seva zilizoachwa hivyo zilivamiwa kupitia tundu kwenye moduli ya Endpoint, na wavamizi hawakuhitaji nywila yoyote.

Watengenezaji wa ruta nao hawajapona. SIP ALG, kipengele cha ruta kinachojaribu kurekebisha anwani ndani ya SIP, mara nyingi inakuja ikiwa imewashwa, inachezea ujumbe wa SIP na kuuharibu, na kwenye baadhi ya ruta hata ukiizima kwenye menyu inaendelea kufanya kazi. Mtoa huduma wako akikubali TLS (kusimba ujumbe kwa siri), hamia huko kwenye porti 5061, kwa sababu ruta haiwezi kuchezea isichoweza kusoma.

Kwa hiyo naomba, tena naomba kwa ukali: mtu akileta shida ya sauti, mwambieni awashe logi ya ujumbe wa SIP kwa "pjsip set logger on", apige simu moja, alete matokeo pamoja na toleo la Asterisk, akiwa amefuta nywila na namba za wateja. Akiwa na sngrep, programu ya kuonyesha ujumbe wa SIP unavyopita, ni bora zaidi, ataona kwa macho yake 200 OK ikirudiwa bila ACK. Asiye tayari kusoma logi ya mwenzake anyamaze.

Na mwenye ruta ambayo ALG yake inazimika kweli, si kwenye menyu tu, aweke modeli yake hapa chini na toleo la programu yake.