Volksi ya 1970, rimu 15: tairi gani inakaa sawasawa?

Nahodha wa Makorora

Wakuu, salaam. Nina Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ya 1970, injini 1300, ya marehemu mzee wangu. Ilikaa bandani Chumbageni, Tanga, tangu alipotangulia, mwaka huu nimeiamsha. Injini inawaka kwa adabu, breki zimeshughulikiwa, rangi tuiache kwanza. Imebaki tairi.

Zilizomo zimekatikakatika mbavu zote. Zimeandikwa 5.60-15, basi. Hakuna mkwaju, hakuna herufi R. Nimezunguka maduka ya Ngamiani na jibu ni lilelile: saizi hiyo hatuijui, lakini kumi na tano ni kumi na tano. Mmoja kanishushia 195/65R15 za mtumba, zile wanazovaa kina Noah, zinang'aa kwa dawa nyeusi waliyozipaka, akaniambia gari itasimama kifua mbele. Mwingine ananisukumia 185/65R15. Bei zao zinavutia, sikatai. Ila mimi na kifua mbele wapi na wapi? Nataka gari iende Pangani na kurudi, na mara mojamoja inipandishe Amani kwa shangazi, na ile barabara mnaijua mvua ikinyesha.

Naomba kujua: 5.60 kwa saizi za leo ni ngapi? Na nikifunga 195 nitaumia wapi hasa? Anayejibu anipe na sababu, maana "haifai" tupu nimeshaambiwa na mke wangu bila malipo.

Fundi Kibao

Pole na hongera kwa pamoja. Tuanze na rimu. Sugua kutu karibu na tundu la nozeli, utakuta imepigwa chapa, ama 4J x 15 ama 4½J x 15. Hiyo namba ya mbele ni upana wa rimu kwa inchi, kutoka ukingo hadi ukingo. Wauzaji wengi hawaisomi. Leta jibu.

Nahodha wa Makorora

Nimetoka bandani sasa hivi, mikono myekundu kwa kutu. Nne zote 4½J x 15. Ya akiba 4J x 15.

Fundi Kibao

Safi. Sasa sababu uliyoitaka.

Tairi ya 195/65R15 imetengenezewa rimu ya inchi 5½ hadi 7. Ile 185/65R15 inaanzia inchi 5. Wewe una 4½. Muuzaji hajakudanganya kwenye 15: itaingia na upepo itashika. Tatizo midomo ya tairi, zile kingo zinazokaa kwenye rimu, itakuwa imebanwa, mbavu zimevimba nje. Ukikata kona, ubavu unalala kwanza ndipo gari igeuke, kwa hiyo usukani unachelewa kujibu. Halafu uso wa tairi unakuwa na kitumbo, unakanyagia katikati tu, na ndipo itakapolika. Kwa kona za Amani na lami iliyolowa, mimi simo.

Kuhusu 5.60, huo ni upana wa tairi kwa inchi, kama milimita 142. Tairi za enzi hizo ubavu wake ulikaribia kulingana na upana, hivyo hawakuuandika. Kimo chote kinafika kama sentimita 65. Radiali, yaani tairi za herufi R, zilipokuja, Volksi hizihizi zikavaa 155R15 na 165R15. Radiali isiyo na mkwaju ubavu wake huhesabiwa asilimia 80 na ushee ya upana. Kwa hiyo ulizia 165/80R15. Rimu yako inaipokea bila ugomvi.

Hesabu yake: 165 mara 0.80 ni milimita 132. Ubavu wa juu na wa chini, 264. Ongeza rimu, inchi 15 ambazo ni milimita 381. Jumla 645. Fanya hivyohivyo kwa 185/65R15, unapata 621 na nusu. Gari inashuka, na mshale wa spidi unakudanganya, maana Volksi waya wa spidi unatokea gurudumu la mbele. Ukiona 80 unakwenda kama 77. Hilo dogo. La rimu ndilo kubwa.

Binti Pongwe

Fundi yuko sahihi kwa karatasi, lakini tuseme ukweli, 165/80R15 hapa Tanga utaipata wapi? Volksi yangu nimeivalisha 185/65 kwenye rimu zilezile, naenda nayo kazini, sokoni, harusini, sijaona balaa. Ni nzito kidogo usukani ukiwa unaegesha.

Fundi Kibao

Dada, kwa Pongwe na mjini, spidi ya 50, siwezi kukubishia sana. Ila mwenzetu kasema Amani. Tairi haionyeshi udhaifu sokoni, inauonyesha siku mbuzi amekatiza kwenye mteremko.

Kupatikana ni kweli, madukani kwetu ni ya kuagiza Dar. Na Nahodha, angalia jambo moja: ukisema "165/80" kwa simu watakuandalia ya R13, maana hiyo ndiyo imejaa, inavaliwa na saluni nyingi za zamani. Sisitiza 15. Waambie wakupigie picha ubavu, hasa kwenye herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 1419 ni wiki ya 14, mwaka 2019. Mtumba wenye kashata nene unaweza kuwa mzee kuliko mtoto wako wa shule, na dawa nyeusi haifuti miaka. Na namba ya mzigo isiwe chini ya 86, yaani kilo 530 kwa tairi.

Mzee wa Raskazone

Wanangu, mmeongea yote mkaacha upepo. Injini ya Volksi iko nyuma, pua haina kitu zaidi ya tangi na tairi la akiba. Kwa radiali jaza mbele psi 18, nyuma 27. Kijana wa pancha hatakuamini. Atakutazama, atasema "mzee, hiyo ni ya baiskeli", kisha atakujazia 35 kote. Simama naye na geji yako mwenyewe. Ukimwachia, pua inakuwa nyepesi na gari inatangatanga kila upepo wa bahari ukiipiga ubavuni.

Rimu zikiwa za zamani zisizo na tuta la ndani la kuzuia mdomo wa tairi usichomoke, weka tyubu, na ubandue karatasi yoyote ndani ya tairi, inasugua tyubu mpaka inatoboka. Kumbuka pia Volksi inafungwa kwa bolti, si nati: utaipakata tairi gotini huku unatafuta tundu. Mgongo ujiandae.

Wanaodharau tairi nyembamba, Volkswagen ilishinda Safari Rally 1954 na tena 1962, na wakati huo hiyo 195/65 haijazaliwa.

Nahodha wa Makorora

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Nimempata mtu Dar, kanitumia picha: 165/80R15 87T, nne, tarehe inaridhisha, zinakuja na basi. Rimu nimezipapasa ndani, tuta halipo, kwa hiyo na tyubu nne. Mfuko hauruhusu ya tano mwezi huu. Ile 5.60 moja yenye nafuu naweza kuiacha iwe ya akiba?

Fundi Kibao

Iache, ila kama mbavu zinaonyesha nyuzi itupe leo. Ikibidi uifunge, nenda polepole mpaka kwa fundi pancha wa kwanza. Hiyo si radiali, na radiali na isiyo radiali kwenye ekseli moja zinavutana, kila moja na njia yake. Usiifikishe Muheza.