Sanamu ya vipande ambayo watu wanapanga wenyewe, vijiti vinakaza na vipande vinapotea

RandaKavu
Wakuu habari za jioni. Mi ni fundi seremala hapa Tabora mjini, nimetengeneza sanamu ya vipande 24 vya mninga, kila kimoja kina matundu na vinashikana kwa vijiti vya mbao, yani mtu anang'oa anapanga anavyotaka, asubuhi ndege jioni ngamia. Nimeiweka barazani. Sasa wakubwa hawagusi, wanauliza bei tu wanapita, wanaocheza ni watoto. Na tangu mvua zianze vijiti vinakaza mpaka wanagonga na jiwe. Halafu vipande vimebaki 21. Nifanyeje?

AsaliChungu
Vijiti umechonga mbao gani? Mninga ukikauka vizuri hauna fujo, hauchezicheziii, ila kama vijiti ni paini mbichi basi mchawi wako huyo hapo. Vikaushe, vipige msasa vipungue kidogo, paka nta. Mtu yuko Tabora analalamika kitu kinakaza na nta ya nyuki ipo sokoni jamani 😂

MtuWaUjiji
toa vijiti weka sumaku kazi iishe

AsaliChungu
Sumaku ndogo na watoto hapana mkuu. Akimeza mbili zinavutana tumboni zinabana utumbo, hapo ni opresheni.

Shangazi_Kgm
Fundi, kuna msanii wa Brazil aliitwa Lygia Clark, 1960 alianza kutengeneza sanamu za bati za alumini zilizoungwa kwa bawaba, akaziita Bichos, kama kusema wadudu au wanyama. Unakunja huku inafunguka kule, na hakuna kipande cha kuondoka nacho. Ila kichekesho ni kwamba siku hizi ukizikuta makumbusho mara nyingi zile zenyewe hazishikwi, unapewa kopi ndo uchezee. Kwahiyo wakubwa wako usiwalaumu mwanangu, tumefundishwa tangu utoto kwamba kizuri hakiguswi.

RandaKavu
Asante shangazi. Bawaba nimewaza ila kipande kinabaki na jirani yake yule yule milele, mi nataka kihame. Nta napaka kesho. Kuhusu wakubwa, leo nimeiacha imemwagika chini makusudi, bibi mmoja kapita akafoka "nani kamwaga mbao za watu hapa", akainama akaanza kupanga, kakaa kama nusu saa hivi. Na kipande kimoja nimekiona, jirani anazuilia mlango.