Mjadala: Ripoti za maporomoko ya theluji zinatufundisha, au zinawaanika marehemu?

Mkaazi wa Denver
Waungwana, salamu. Naomba tujadili jambo moja, na naomba tusianze na ile methali ya kunyolewa, kwa kuwa hapa hakuna asiyeijua. Jimbo hili la Colorado lina taasisi iitwayo Colorado Avalanche Information Center, ambayo mtu akifukiwa na theluji akafa huko milimani huchunguza mahali penyewe, hupima tabaka za theluji, huwahoji walionusurika, kisha huchapisha ripoti ambayo yeyote anaweza kuisoma. Inayozungumzwa hadi leo ni ya Sheep Creek, karibu na Loveland Pass, tarehe 20 Aprili 2013, ambapo kati ya watu sita waliopanda walikufa watano. Walikuwa wamesoma taarifa ya hatari ya siku ile, walijua kwamba miteremko inayoelekea kaskazini ilikuwa na tabaka dhaifu lililozikwa chini sana, na mpango wao ulikuwa kuikwepa hatari hiyo. Mteremko uliwaporomokea wakiwa chini yake, kabla hawajafika mahali walipopaona salama. Wapo wanaosema kuchapisha mambo haya ni kuwavunjia marehemu heshima. Mimi nasema yachapishwe. Ninyi mnaonaje?

Binti Tudor
Kaka, sisi huku Mombasa tumelelewa kwamba aliyekwisha kuzikwa hutajwa kwa mema yake au huachwa apumzike. Hebu mfikirie mama wa mmoja wa hao watano, siku anapofungua ukurasa na kukuta imeandikwa kwamba mwanawe aliijua hatari na bado akapita. Hayo ni mafunzo ya nani? Wanaofunzika ni wageni, na anayelipa ni yule mama.

Mkaazi wa Denver
Dada, ripoti hizo hazitaji majina. Wahusika hupewa namba tu, na hakuna neno la kulaumu. Lakini hoja ya mama ninaikubali kuwa nzito.

Kibosho Halisi
Mimi ninachokiona ni kichekesho kichungu. Watu wenye mafunzo, wenye vifaa vya bei ya ng'ombe, na siku yenyewe walikuwa wamekuja kwenye mkusanyiko uliohusu usalama wa maporomoko! Basi vyeti ndivyo vinavyoua. Mzee wangu alipandisha wageni Kilimanjaro miaka na miaka bila karatasi hata moja, na amekufa kitandani kwake.

Mpita Theluji, Tromsø
Ndugu Kibosho, neno lako limevuka mpaka. Mimi nimesoma kozi hizo hapa Norwe na sikuzisoma ili nitundike cheti ukutani. Mtu aliyefukiwa kabisa akifukuliwa ndani ya dakika kumi za mwanzo ana matumaini makubwa ya kuishi. Ikipita nusu saa, wengi huwa wamekwisha kukosa hewa. Helikopta haifiki kwa muda huo. Anayekuokoa ni mwenzako mwenye kifaa cha redio cha kukutafutia, fimbo ndefu ya kuchokolea theluji na sepeto, ambaye amejizoeza kuvitumia huku mikono ikitetemeka. Mafunzo yanakufundisha pia kwamba karibu kila mara anayeuawa na poromoko ameliamsha mwenyewe au limeamshwa na mmoja wa kundi lake, yaani si mkosi uliomfuata. Wewe unayajua haya?

Kibosho Halisi
Ninayajua sasa, ahsante. Lakini nieleze, mtaalamu: kama wote sita walikuwa mahali pamoja poromoko lilipofika, nani alibaki juu na sepeto lake amfukue mwenziwe?

Mkaazi wa Denver
Kibosho, hicho unachokirusha kama kijembe ndicho ambacho ripoti yenyewe inamwachia msomaji akitafakari. Hatari waliitambua, walichokipima vibaya ni ukubwa wake na umbali ambao ingefika. Ukiisoma ukitafuta mjinga humpati, na ndiyo sababu ninataka isomwe.

Mwalimu wa Hesabu
Niruhusuni niingie kidogo. Yupo mtafiti wa Kimarekani, Ian McCammon, aliyepitia ajali 715 za Marekani zilizotokea kati ya 1972 na 2003. Alikuta watu wakinaswa na mambo yale yale: mahali walipopazoea, kung'ang'ania lengo walilotoka nalo nyumbani, kumwachia uamuzi yule anayeonekana mjuzi, kutotaka kuonekana waoga, na kuona kwamba wengine wamekwisha kupita. Alikuta pia kwamba mahali palipozoeleka, waliofunzwa walijiweka hatarini karibu sawa na wasiofunzwa sana. Hata hivyo, ninalo shaka kubwa kuhusu mkusanyo wowote wa namna hii, kwa sababu waliopita mteremko ule ule kwa makosa yale yale, kisha wakarudi nyumbani kunywa chai, hawana ripoti. Tunahesabu waliopatwa na ajali peke yao. Bila kujua wangapi hupita salama, huwezi kusema vyeti vinaua wala kwamba vinaokoa.

Kibosho Halisi
Mwalimu mwenyewe amesema mafunzo hayakuwasaidia. Nimemaliza.

Mpita Theluji, Tromsø
Hakusema hivyo! Amesema mahali palipozoeleka. Soma sentensi mpaka mwisho wake, bwana, kabla hujamaliza.

Binti Tudor
Tulikuwa tunazungumzia heshima ya wafu, sasa tunapimana vyeti. Wala hamjanijibu kuhusu yule mama.

Mwongozaji, Machame
Dada, nitakujibu kwa jambo la mlima wetu. Tarehe 4 Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach, Kilimanjaro, yakaua Wamarekani watatu na kuwajeruhi wapagazi. Njia ilifungwa, uchunguzi ukafanyika, na baadaye ikafunguliwa tena. Usiku mawe yale hushikwa na barafu. Jua likiupiga ukuta, barafu inaachia. Kwa hiyo anayepita huko huondoka gizani, na hapumziki mahali ambapo mawe yana mkondo wa kupitia. Walio wengi kati yetu hatukuyajua haya kwa karatasi, tuliambiwa na waliotutangulia. Na hapa ninamgeukia Kibosho: mzee wako bila shaka alijua mengi kuliko mimi, alijua siku ambazo jiwe lilimkosa kwa hatua mbili na kwa nini. Hizo ndizo ripoti anazozililia Mwalimu, za waliorudi kunywa chai. Ziko wapi? Mzee alikufa kitandani, na alizikwa nazo. Angekuwa ameziandika, huenda kijana fulani asingepanga wageni wake wakae mahali pabaya.

Kibosho Halisi
Mzee wangu usimguse. Humjui, hukupanda naye, na hayupo kujitetea. Mtu mwenye adabu hamtaji marehemu wa mwenzake hadharani kwa makosa ambayo hata hana hakika nayo.

Mwongozaji, Machame
Sikumtaja kwa kosa lolote. Nimesema alijua mengi.

Mpita Theluji, Tromsø
Bila cheti.

Binti Tudor
Kibosho, karibu. Hivyo ulivyosema sasa hivi ndivyo nilivyosema mimi tangu mwanzo kuhusu yule mama wa Colorado.

Kibosho Halisi
Sijahamia upande wa mtu, Binti Tudor. Ripoti za watu wengine zichapishwe zote, hata leo. Mimi ninamzungumzia mzee wangu.